Saikolojia ya kawaida au saikolojia ya Kiislamu: ukiwa Uganda usome ipi?

Mtoto wa dada yangu kamaliza S.6, yaani kidato cha sita, hapa Mbale, matokeo yamekuja mazuri, na tangu siku hiyo simu yangu haina amani. "Mjomba, nisome saikolojia ya kawaida au ile ya Kiislamu?" Asubuhi hivyo, jioni hivyo, siku nyingine ananitumia voisi ya dakika saba wakati niko kwenye taxi nimebanwa kati ya magunia ya viazi. Kaona kwenye simu yake tangazo la diploma ya saikolojia ya Kiislamu, moyo umeshaenda huko. Mama yake anataka Makerere tu, hataki kusikia kingine. Na mimi ndiye pekee niliyesomea ushauri nasaha kwenye ukoo mzima, basi wamenifanya kadhi. Nimeona niandike mara moja nimalize, na nyie wengine mnaonivizia na swali hilohilo baada ya Isha mlikute hapa.

Kwanza tupambanue maana ukisema "saikolojia ya Kiislamu" hapa kwetu, watu watatu watasikia vitu vitatu. Wa kwanza anasikia ruqya, mtu kasomewa, kamwagiwa maji, jini limepiga kelele. Wa pili anasikia shehe anayesuluhisha ndoa za watu. Wa tatu anasikia somo la chuo, lenye vitabu na nadharia na mitihani na wasomi wanaobishana kwenye majarida. Mimi naongelea hiyo ya tatu. Ruqya ipo na ina nafasi yake kwenye sunna, sibishani na mtu hapo, lakini sio digrii.

Haya, tuanze na hii ya kawaida.

Hii kwenye vitabu vyao huwa wanaanza kuhesabu 1879, mwaka Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake kule Leipzig, Ujerumani. Kabla ya hapo mambo ya nafsi yalikuwa mikononi mwa wanafalsafa na watu wa dini, baada ya hapo ikawa kupima, kulinganisha, kuhesabu. Ukiisoma Makerere kwenye Skuli ya Saikolojia utakuta digrii ya kwanza ya saikolojia ya jamii na ile ya viwanda na mashirika, halafu ya kliniki na ya ushauri unazifuata kwenye masters. Utapigwa takwimu mpaka ulie. Nalisema hili mapema kwa sababu vijana wengi wanaoniambia wanataka ya Kiislamu, nikiwachimba kidogo, nakuta wanakimbia hesabu tu. Ndugu yangu usikimbilie dini kwa kuogopa hesabu, hesabu utazikuta na huko.

Nguvu yake ni kwamba inakubali kupimwa, na mfano mzuri kabisa uko hapa hapa Uganda, sio Ulaya. Miaka ya 2000 mwanzoni watafiti walikwenda Masaka na Rakai, sehemu zilizokuwa zimepigwa vibaya na UKIMWI, na badala ya kuanza na majina yao ya Kizungu wakawauliza wanavijiji wenyewe matatizo yao wanayaitaje. Watu wakawaambia okwekyawa, yaani mtu kujichukia, na okwekubagiza, mtu kujihurumia na kujililia. Ukiziangalia dalili zake ni zilezile ambazo vitabu vinaziita depresheni. Wakachukua vijiji 30, nusu wakapewa vikundi vya mazungumzo kila wiki kwa wiki 16, wanaume kwao na wanawake kwao, wanaoongoza ni watu wa hapo hapo waliofundishwa kwa wiki mbili, nusu nyingine wakasubiri. Waliokaa kwenye vikundi walipata nafuu kubwa kuliko wenzao, na matokeo yakachapishwa 2003 kwenye JAMA, jarida la madaktari wa Marekani. Njia hiyohiyo ndiyo StrongMinds, shirika lililoanzishwa 2013, wanaitumia Uganda, na WHO ikaitolea mwongozo 2016. Kwa hiyo yule anayesema saikolojia ya vyuo ni kitu cha mzungu kisichojua kumsikiliza Mwafrika, hapo naomba apunguze sauti. Ikifanywa na watu wenye adabu inasikiliza.

Lakini udhaifu upo na mwanafunzi Mwislamu ataukuta wiki za mwanzo tu. Utafungua kitabu ukutane na Freud, mmoja wa vigogo wa saikolojia, ambaye mwaka 1927 aliandika kwamba dini ni kama ugonjwa wa wasiwasi uliowashika binadamu wote. Utakutana na wale wanasaikolojia wa tabia wanaomuangalia binadamu kama panya aliyekua. Roho hakuna kwenye silabasi. Sio kwamba wanaikataa, hawaiongelei tu, na mtu aliyelelewa madrasa anakaa pale darasani na mafaili mawili kichwani, moja la mtihani na moja la msikitini, na hayo mafaili hayasalimiani. Mimi nilikaa hivyo miaka yote ya masomo yangu. Na hiyo sayansi yenyewe ina kasoro ambazo wenyewe wamezikiri, 2010 watafiti watatu wa Canada walionyesha kwamba tafiti nyingi zimefanywa kwa watu wa nchi tajiri za Magharibi, tena wengi wao wanafunzi wa chuo, halafu zinaandikwa kama zinamhusu binadamu yeyote mpaka huyu wa Sironko. Na 2015 tafiti 100 ziliporudiwa upya, zilizotoa jibu lilelile zilikuwa kidogo tu juu ya theluthi moja. Nawapa heshima kwa kujianika hivyo hadharani, ila usiende na imani kwamba kila kilicho kwenye kitabu cha saikolojia ni wahyi.

Sasa upande wa pili, na hapa mniruhusu nikae kidogo maana ndipo watu hawajui.

Karne ya tisa na ya kumi kulikuwa na mtu anaitwa Abu Zayd al-Balkhi, wa Balkh, Afghanistan ya leo, alifariki 934. Aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, na hoja yake ni kwamba madaktari wa zama zake wanatibu mwili wanasahau nafsi, wakati vyote viwili vinaugua na kimoja kinamuambukiza mwenzake. Magonjwa ya nafsi akayapanga manne. Sasa sikilizeni majina yake kwa Kiarabu: ghadab, khawf, huzn, waswas. Mswahili gani anahitaji kutafsiriwa hapo? Ghadhabu, hofu, huzuni, wasiwasi. Yaani silabasi yake ya karne ya kumi mama yangu anaiongea jikoni kila siku bila kujua. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu.

Na huzuni yenyewe akaigawa mara mbili, ile yenye sababu inayojulikana, umefiwa, umepoteza mali, hiyo dawa yake ni maneno na fikra, na ile inayomjia mtu bila sababu yoyote ya kueleweka, ambayo alisema chanzo chake kiko mwilini, kwenye damu, kwa hiyo itibiwe kama ugonjwa wa mwili. Hiyo ni miaka karibu elfu moja kabla Freud hajazaliwa. Akashauri pia mtu akiwa mzima, ametulia, ajiwekee akiba ya mawazo mazuri ya kumsaidia siku akivamiwa na hofu au hasira, kama vile unavyoweka dawa ndani ya nyumba kabla mtoto hajaumwa. Wanaosomea tiba ya kubadili mawazo wanaijua hiyo kazi vizuri, wao wanaiita jina jingine.

Halafu akaja mwanachuoni Ghazali, aliyefariki 1111, ndani ya kitabu chake Ihya ana sehemu nzima juu ya maajabu ya moyo, na anaianza kwa kufafanua maneno manne: qalb, ruh, nafs, aql. Moyo, roho, nafsi, akili. Tena tumerudi nyumbani. Nafsi nayo Qurani imeitaja kwa hali zake, ile inayoamrisha maovu, ile inayojilaumu, ile iliyotulia, na kazi yote ya kumtibu mtu kwenye njia hii ni kumsogeza kutoka ile ya kwanza kuelekea ya mwisho. Na haikuwa vitabu tu, hospitali ya Sultan Qalawun pale Cairo ya 1284 ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili.

Baada ya hapo kukaja ukimya mrefu. Wakoloni wakaja na vyuo vyao, vitabu vya Kiarabu vikabaki kwenye maktaba vikiliwa na mchwa, na Mwislamu akitaka kujua nafsi yake anaenda London. Mmoja wa walioenda alikuwa Msudani, Malik Badri, mzaliwa wa Rufaa 1932, yaani jirani yetu kabisa, tulipakana na nchi yao mpaka 2011. Akachukua PhD yake Leicester 1961, akawa mwanasaikolojia wa kliniki hasa, sio mtu wa maneno matupu. Mwaka 1975 akasimama mbele ya wasomi Waislamu kule Marekani akawaambia ukweli mchungu kwa kutumia hadithi ile ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mtawafuata waliokuwa kabla yenu shubiri kwa shubiri na dhiraa kwa dhiraa, hata wakiingia shimo la kenge mtaingia nao. Wanasaikolojia Waislamu, akasema, wameingia kwenye shimo la kenge. Mwaka 1979 hotuba ikawa kitabu, na kitabu hicho ndicho wengi wanakihesabu kuwa mwanzo wa somo hili kwa sura yake ya leo.

Kinachonifurahisha kwa Badri ni kwamba hakusema tuchome vitabu vya Magharibi. Alizitumia mbinu zao kutibu watu maisha yake yote. Alichokataa ni kumeza falsafa pamoja na dawa.

Na msidhani Uganda ilikuwa nje ya upepo huo. Mkutano wa wakuu wa nchi za Kiislamu Lahore 1974 ndio uliopitisha vijengwe vyuo vikuu viwili vya Kiislamu Afrika, kimoja Niger kwa wanaotumia Kifaransa, kingine Uganda kwa wanaotumia Kiingereza, na hicho cha pili ndicho IUIU yetu hapa Mbale iliyofungua milango 1988 na wanafunzi 80. Marekani ikaanzishwa taasisi ya IIIT 1981 ya kazi ya kuunganisha elimu na Uislamu. Malaysia wakafungua chuo kikuu chao cha Kiislamu, IIUM, 1983, idara ya saikolojia ikafuata 1990, na Badri mwenyewe akafundisha huko. Kwa hiyo ni upepo mmoja, mbegu zimeangukia sehemu tofauti, na ile ya saikolojia ilistawi zaidi Malaysia kuliko hapa.

Miaka ya karibuni ndio kasi imezidi. 2010 Chicago ikaanzishwa Khalil Center, kliniki kabisa ya watu kutibiwa, na Hooman Keshavarzi na wenzake wakatengeneza njia yao ya tiba inayosimama juu ya mafundisho ya Kiislamu. 2013 Badri akatoa tafsiri ya Kiingereza ya al-Balkhi. Stanford, Rania Awaad ana maabara ya afya ya akili ya Waislamu. Cambridge Muslim College kuna diploma ya saikolojia ya Kiislamu, na pale amefundisha Abdallah Rothman, ambaye aliwahoji wasomi 18 wa dini na saikolojia akajenga ramani ya nafsi kutokana na majibu yao. Badri akafariki 2021 akiwa ameliona somo lake limekua.

Sasa ndani ya hii ya Kiislamu kwenyewe kuna barabara tatu, na kabla hujalipa ada ya mtu yeyote jua unauziwa ipi. Kuna wasomi wawili, Kaplick na Skinner, walizipanga vizuri 2017. Ya kwanza ni ya chujio, unachukua saikolojia ya Magharibi unaipitisha kwenye kichujio cha dini, makapi yanabaki juu. Ya pili ni ya kulinganisha, unaweka dhana ya huku na ya kule mezani unatafuta zinapokutana. Ya tatu ni kujenga kutoka ndani, unaanza na Qurani, sunna na maulamaa, unapata nadharia ya binadamu kutoka humo, halafu ndio unaangalia wengine wamesema nini. Kozi nyingi za bei rahisi ni ya kwanza iliyovaa kanzu ya ya tatu. Unafundishwa mambo yaleyale ya kitabu cha Marekani, mwisho wa sura kuna aya mbili. Hiyo ni chapati ya jana imepashwa moto, usiilipie bei ya chapati mpya.

Twende kwenye kuzipambanisha sasa, kwa vitu ambavyo mwanafunzi atavigusa kweli.

Ushahidi. Hapa ya kawaida iko mbele sana, tusidanganyane. Ina majaribio mengi, makubwa, yaliyorudiwa. Ya Kiislamu ina tafiti chache na nyingi ni za watu wachache. Kuna utafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Duke, 2015, watu 132 wenye depresheni pamoja na magonjwa sugu, wengine wakapewa tiba ya kubadili mawazo ya kawaida na wengine ileile iliyofumwa na dini ya mtu mwenyewe, na Uislamu ulikuwa mojawapo. Matokeo yakatoka sawasawa, ila wale walioshika dini sana walielekea kufaidika kidogo zaidi na ile ya dini. Hilo jibu nalipenda kwa sababu halimfurahishi mtu yeyote kikamilifu. Dini haikuharibu tiba, wala haikuwa muujiza kama tunavyotangaza kwenye mimbari.

Kumfahamu mteja. Hapa naipa ya Kiislamu ushindi, na nitawaeleza kwa nini. Alikuja kwangu mama mmoja, udhu unamchukua saa nzima, anaosha mkono anarudia, anaosha anarudia, swala inampita akiwa bombani, ngozi imechubuka. Kabla yangu alikwenda kwa kaunsela mmoja mwenye karatasi nzuri ukutani, huyo akamwambia "basi acha kuswali kwa muda mpaka upone." Yule mama hakurudi tena. Ungerudi wewe? Mtu anakuja na hofu kwamba swala yake haikubaliki unamwambia aache swala! Sasa fiqhi ina kanuni ya zamani sana, yakini haiondolewi na shaka. Ukishajua umeosha, shaka inayokuja baadaye haihesabiki, pita nayo hivyohivyo. Na tiba ya kisasa ya ugonjwa huo wa kurudiarudia ni mtu akabiliane na shaka yake bila kurudia kitendo, akae nayo mpaka ipoe yenyewe. Ni kitu kimoja! Nikamuunganisha na shehe mwenye elimu, shehe akampa kanuni, mimi nikampa mazoezi ya hatua kwa hatua, osha mara moja, toka bafuni, kaa na hiyo hofu. Ilichukua miezi. Ningekuwa na elimu ya upande mmoja tu nisingefika, na nakiri kanuni ile ya fiqhi niliisikia darasani kwa shehe, sio chuoni kwangu.

Ila na mgeuzo wake upo. Kijana mmoja alisomewa miezi na miezi, anaanguka, anatoa povu, wazee wanasema jini limekataa kutoka. Alipopelekwa kwa daktari ilikuwa kifafa. Al-Balkhi angempeleka kwa daktari siku ya kwanza, maana yeye alijua mwili nao unasema. Kwa hiyo anayeisoma ya Kiislamu bila kujua magonjwa ya ubongo na dawa zake ni hatari kwa watu, na hilo sio kosa la Uislamu, ni kosa la haraka.

Kazi na mkate. Tusijifanye malaika, mtu anasoma ale. Angalia matangazo ya kazi za ushauri, za NGO za kule kwenye kambi za wakimbizi, za hospitali, za mashule, wanaandika digrii ya saikolojia, ushauri nasaha au ustawi wa jamii. Sijawahi kuona hapa tangazo limeandikwa saikolojia ya Kiislamu. Sensa ya 2014 ilitukuta Waislamu asilimia 13.7 ya nchi, maana yake ukikaa kwenye kliniki ya serikali, wengi watakaoingia ni Wakatoliki, Waanglikana, walokole, na wote wana haki ya kuhudumiwa vizuri na wewe. Lakini geuza shilingi uone upande wa pili. Ukienda Yumbe, wilaya ambayo Waislamu ndio wengi na ambako ndiko iliko Bidibidi, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 2016, au ukikaa Bombo, Kibuli, Kisenyi, Arua, ukiwa na digrii inayotambulika na juu yake unajua lugha ya watu ya dini na Kiswahili na Kiarabu kidogo, hakuna atakayekushinda. Wenye karatasi ni wengi. Ambaye mama wa Kinubi atamfungulia moyo ni mmoja kati ya wengi.

Karatasi yenyewe. Makerere na vyuo vya ndani vinavyotambuliwa, hapo hakuna maswali. Ukisoma nje au mtandaoni, kuna IIUM Malaysia kama una mfadhili, kuna International Open University ya mtandaoni yenye makao Gambia ambayo ina digrii ya saikolojia na ada zake sio za kutisha, kuna Cambridge niliyoitaja. Swali la kuuliza ni moja, je NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu, itailinganisha hiyo shahada na za hapa? Uliza kabla ya kulipa, sio baada. Na cheti cha wiki sita cha mtandaoni ni kizuri kwa kujielimisha, ila kisikufanye uandike "mtaalamu wa saikolojia ya Kiislamu" kwenye bango ukaanza kupokea wagonjwa. Nimeyaona hayo mabango.

Lugha. Ya kawaida ni Kiingereza basi. Ya Kiislamu bila Kiarabu utakuwa unakula kilichotafunwa na mwingine, maana urithi mkubwa haujatafsiriwa. Hapa ndipo wenye Kiswahili tunapata nauli ya bure nusu ya safari kama nilivyoonyesha, ila muangalie mtego, maneno yamebadilika njiani. Roho kwetu ni uchoyo pia, "ana roho mbaya", wasiwasi wetu ni hata wa kuchelewa taxi, wakati waswas ya vitabuni ni kitu kizito zaidi. Usidhani umeelewa kwa sababu umelitambua neno.

Sasa hukumu, maana kadhi lazima ahukumu. Kama unataka kukaa na wagonjwa na kulipwa kwa kazi hiyo hapa Uganda, anza na ya kawaida, pata digrii inayotambulika, uumie na takwimu zake, ujue magonjwa na ujue wakati wa kumpeleka mtu hospitali ya akili ya Butabika, na wakati unaisoma anza Kiarabu na darasa la shehe mwenye elimu, halafu diploma ya Kiislamu iwe juu yake kama paa juu ya nyumba. Kama wewe tayari ni mtu wa madrasa, Kiarabu kinakutiririka, na unachotaka ni kuandika na kufundisha, basi geuza, nenda kwenye ile ya kujenga kutoka ndani, IIUM au kwingine, maana wanaoweza kumfungua Ghazali na al-Balkhi kwa asili yao na kuwaongea kwa lugha ya saikolojia ni wachache na Afrika Mashariki tunawahitaji zaidi kuliko kaunsela mwingine. Kama wewe ni imamu au mwalimu wa madrasa na watu wanakuletea matatizo yao tayari, wewe wala huhitaji digrii mpya, tafuta kozi fupi ya kutambua dalili na ya kujua nani umpeleke wapi, itaokoa watu zaidi. Na kama unaikimbia ya kawaida kwa sababu inakuharibia imani, hapo njoo tukae kwanza tunywe chai, maana imani inayovunjwa na sura moja ya Freud itasumbuliwa na mengine pia.

Dada yangu kasoma rasimu ya haya akasema "sasa si umesema nilichosema mimi tangu mwanzo?" Karibu, lakini sio chote. Mtoto kajaza fomu juzi kwenye kafe ya intaneti karibu na Clock Tower, saikolojia ya jamii Makerere ndio chaguo la kwanza. Jumamosi anaanza Kiarabu kwa Hajati mmoja mtaani kwetu, ambaye ameshamwambia kwamba nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, ni ngumu kuliko takwimu zote za Makerere. Jana usiku akanitumia voisi nyingine. Dakika nne tu, tunaendelea vizuri.